Kipandauso kasualti: maswali tunayoulizwa kuhusu majaribio ya dawa mpya

Maswali haya nimeyakusanya kwenye benchi la kasualti hapa Nairobi, mengi yakiulizwa na watu waliofumba macho na kushika kichwa kwa mikono miwili. Mimi ni muuguzi wa utafiti, na kipandauso nakijua pia kwa upande wa mgonjwa tangu kidato cha pili. Usiyatumie majibu haya badala ya daktari aliye mbele yako. Yatumie kumuuliza vizuri.

Kipandauso ni nini? Si kuumwa na kichwa tu?

Kila mtu huumwa na kichwa. Kipandauso kina tabia zake. Shambulio lisipotibiwa huchukua kati ya saa 4 na saa 72. Mara nyingi huuma upande mmoja, kichwa kikadunda kama ngoma, na ukipanda ngazi kinazidi. Kichefuchefu au kutapika huandamana nacho, au mwanga na kelele haviwezi kuvumilika. Madaktari hutaka uwe umepata mashambulio ya namna hiyo angalau 5 kabla hawajakubandika jina hilo. Wanawake hupatwa nacho karibu mara 3 kuliko wanaume. Kikivuka saa 72 bila kuachia, hapo si kwa kulala tena, njoo hospitali.

Mtajuaje changu si malaria, au kitu kibaya zaidi?

Hilo ndilo swali la kwanza sisi wenyewe tunajiuliza, na hakuna anayeingizwa kwenye jaribio kabla halijajibiwa. Nairobi iko juu na malaria ya kuambukizwa hapa hapa si nyingi, lakini mtu aliyerudi juzi kutoka Kisumu au Pwani akiwa na homa atapimwa damu kwanza. Homa pamoja na shingo ngumu hutupeleka kwenye homa ya uti wa mgongo. Kichwa kilichopasuka ghafla kama radi, mkono uliolegea, ulimi mzito, kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50, mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, mtu mwenye kinga dhaifu: hao wote wana njia yao ya uchunguzi, na jaribio la kipandauso si mahali pao siku hiyo.

Halafu kuna jiko. Msimu wa baridi, Julai, familia inaingiza jiko la makaa ndani, dirisha linafungwa, na asubuhi watu watatu wanaamka na kichwa kinachofanana. Ukituambia "hata watoto wanaumwa", tunaacha habari ya kipandauso, tunashuku sumu ya hewa ya makaa na kukimbilia oksijeni. Kwa hiyo usikasirike sista akikuuliza mnapikia nini.

Hizo dawa mpya ni zipi?

Kwanza ile iliyokuwa mpya zamani. Sumatriptani iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ndiyo iliyofungua ukoo wa triptani. Ni dawa nzuri, ila hubana mishipa ya damu, kwa hivyo mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa hapewi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Mpya za sasa zilitokana na kugundua kemikali ya mwili iitwayo CGRP. Mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha kwamba wakati wa shambulio kemikali hiyo hupanda katika damu inayotoka kichwani. Ukiizuia, unazuia maumivu bila kubana mishipa. Hapo ndipo zilipozaliwa gepanti. Moja ya zile za mwanzo, telkagepanti, iliachwa njiani kwa sababu vipimo vya ini vya baadhi ya watumiaji vilipanda. Waliofuata walifika: ubrogepanti ilipata kibali Marekani Desemba 2019, rimegepanti Februari 2020, na zavegepanti, ambayo hupulizwa puani, Machi 2023. Kando yao kuna lasmiditani, ya Oktoba 2019. Yenyewe hufuata njia ya serotonini, kemikali nyingine ya mwili, kama triptani, lakini inagusa mlango mwingine usiobana mishipa.

Kuna pia eptinezumabu, kingamwili ya kuzuia CGRP inayopitishwa kwa dripu. Ilitengenezwa kwa ajili ya kuzuia mashambulio yasije. Baadaye watafiti wakajiuliza: je, ukiitundika mtu akiwa katikati ya shambulio? Katika jaribio la watu 480 lililochapishwa mwaka 2021, nusu ya waliopewa dawa walifika kutoumwa kabisa ndani ya saa 4, na kwa waliopewa dripu ya plasibo, yaani isiyo na dawa, nusu yao walifika ndani ya saa 9.

Kama zina kibali, mnajaribu nini tena?

Hapa naomba subira, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo madaktari.

Majaribio makubwa yaliyozipa gepanti na lasmiditani kibali yalifanyika nyumbani kwa mgonjwa. Mtu alipewa kidonge akae nacho, shambulio likianza akimeze, kisha aandike. Mfikirie huyo, halafu mfikirie mama anayefika kwetu saa 3 usiku kutoka Githurai. Amefunga kichwa kwa leso kwa nguvu hadi ngozi ya paji imekunjamana. Ameshika mfuko wa plastiki wa kutapikia. Asubuhi alimeza parasetamoli mbili, mchana ibuprofeni, jioni kemisti akampa vidonge vitatu vya rangi tofauti kwenye karatasi ambavyo hajui majina yake. Ni siku ya pili. Amekaa kwenye matatu saa nzima, muziki juu, taa za bluu zikimpiga machoni. Tumbo wakati wa kipandauso huzembea kazi, na kidonge kinaweza kukaa humo bila kufyonzwa au kikarudi na uji.

Wawili hao wana ugonjwa mmoja, ila hali zao ziko mbali sana. Dawa iliyomfaa wa kwanza haijathibitishwa kwa wa pili hadi ijaribiwe kwa watu kama yeye.

Na kuna jambo la pili ambalo mimi huliona kubwa kuliko la kwanza: dawa imelinganishwa na nini? Rimegepanti ya kuyeyuka mdomoni, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, iliwafikisha asilimia 21 ya watu kutoumwa kabisa baada ya saa 2. Plasibo iliwafikisha asilimia 11. Ni ushindi, ndiyo. Lakini imeshinda kidonge kitupu, na kasualti hatumpi mtu kidonge kitupu tukamwacha. Tunayo metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika inayotuliza pia kipandauso, ile ambayo Nairobi nzima inaiita Plasil, hata kama chupa ina jina lingine. Miligramu 10 kwenye mshipa, bei yake ndogo, na ushahidi wake wa miaka mingi. Ipo na proklorperazini, ya kazi hiyo hiyo. Ipo sindano ya sumatriptani ya miligramu 6 chini ya ngozi pale inapopatikana. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 wa kutibu kipandauso kasualti ulizitaja hizo tatu kuwa ndizo mgonjwa anapaswa kupewa.

Mwaka 2024 watafiti walikusanya majaribio 137 yenye watu karibu 90,000, wakalinganisha dawa za kumeza za kutuliza shambulio. Triptani nne za zamani, sumatriptani ikiwemo, zilizishinda lasmiditani, rimegepanti na ubrogepanti. Hiyo haizifanyi dawa mpya kuwa bure. Kwa mtu wa moyo asiyeweza kupewa triptani, gepanti ni mlango ambao zamani haukuwepo. Lakini mtu akija na sanduku jipya akisema "hii ni bora", swali langu ni moja tu: bora kuliko nini? Kama jibu ni plasibo, basi kwa kasualti yetu kazi bado haijaanza.

Mkinipa plasibo, si mtaniacha niumie?

Hapana. Jaribio lililopangwa vizuri kasualti huwa na mpango wa dawa ya kuokoa: ikifika muda ulioandikwa, mara nyingi saa 1 au 2, na bado unaumwa, unaomba na unapewa matibabu yanayojulikana. Ukishindwa kabisa kusubiri, unapewa hata kabla, na hilo linaandikwa tu. Njia nyingine, ambayo binafsi naipenda zaidi, ni kila mtu kupata matibabu ya kawaida halafu kura iamue nani aongezewe dawa mpya. Au dawa mpya ipimwe uso kwa uso na ya zamani. Hapo hakuna anayekaa mikono mitupu.

Wewe hutajua umepata ipi, na sista anayekuuliza maumivu hatajua pia. Watu huona ni ujanja. Sababu yake ni kwamba kipandauso huisha chenyewe, na mtu akilazwa gizani na kuambiwa "utapona", baadhi yao hupona. Ndio ile asilimia 11 niliyoitaja. Kila mtu akijua amepewa nini, hesabu inaharibika.

Mnajuaje kwamba dawa imefanya kazi?

Kwa kukuuliza. Hakuna kipimo cha damu cha maumivu. Tunakuomba namba kuanzia 0 hadi 10, na swali hilo linalosikika rahisi limenipa majibu ambayo fomu haikuyatarajia. Mama mmoja alinirudishia: "Kumi ya kuzaa au kumi ya jino?" Nilimwambia achague kumi yake mwenyewe, akasema basi hii ni nane, kwa sababu mtoto wa pili alitangulia miguu.

Fomu nyingi zimetafsiriwa ofisini. Neno la kuelezea maumivu ya kati liliwekwa "wastani", na wagonjwa wengi husikia "kawaida", yaani si kitu. Siku hizi nauliza: unaweza kufanya kazi nacho, unafanya kwa taabu, au umelala? Kuhusu mwanga, nauliza ulifunga pazia au hukufunga. Jaribio zuri hupima pia ile dalili inayokusumbua kuliko zote, maana kuna wanaovumilia kichwa lakini kutapika ndiko kunakowamaliza.

Kisha tunakupigia simu baada ya saa 24 au 48. Kipandauso kina tabia ya kurudi, na dawa inayokutoa kasualti ukicheka halafu ikakuacha kesho yake asubuhi haijakusaidia sana. Kwenye simu hii adabu yetu hutuponza. Nikiuliza "unaendeleaje?" jibu la Mkenya ni "niko sawa", hata kama amelala na kitambaa chenye maji usoni. Nimejifunza kuuliza: umeenda kazini leo? Umemeza kitu? Saa ngapi? Tafadhali, ukipigiwa, usitufurahishe. Na utupe namba yako mwenyewe, au useme wazi kwamba ni ya jirani, ili tusianze kumweleza habari zako.

Mbona hamnipi ile sindano kali, ya morfini au pethidini?

Kwa sababu zimejaribiwa zikaonekana si rafiki. Kule Bronx, New York, mwaka 2017 lilichapishwa jaribio lililowalinganisha wagonjwa wa kipandauso kasualti: nusu proklorperazini, nusu hidromofoni, ambayo ni ya ukoo wa morfini. Waliopata nafuu iliyodumu hadi saa 48 walikuwa asilimia 60 kwa proklorperazini na 31 kwa hidromofoni. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema, wakiwa wamefikia watu 127, maana kuendelea kungekuwa kuwanyima wengine dawa bora. Tena dawa za ukoo huo, na triptani pia, ukizitumia siku 10 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa yenyewe. Za kawaida kama parasetamoli, hesabu ni siku 15.

Dada yangu alipigwa Plasil shingo ikapinda. Ni salama kweli?

Iliyompata inajulikana. Misuli hukaza, shingo inageuka upande, macho yanapanda juu, na zaidi ni kwa vijana. Nimewahi kuona jamaa wakianza maombi ya kutoa pepo pembeni ya kitanda kabla muuguzi hajafika na sindano ya kulegeza misuli. Ikachukua dakika chache tu, shingo ikarudi. Kuna na namna nyingine isiyoonekana kwa macho: mtu anahisi hawezi kutulia, anataka kung'oa dripu atoke aende. Ikipitishwa polepole, kama kwa dakika 15, hali hiyo hupungua. Kuongeza dozi pia hakuna faida: miligramu 20 na 40 zilijaribiwa, hazikuishinda 10. Mwambie daktari habari ya dada yako, na kama ni wewe, iandike kwenye simu yako.

Niko kwenye dawa za ARV au za TB. Naruhusiwa?

Swali zuri mno, na katika mji huu si la watu wachache. Gepanti huvunjwavunjwa na ini kwa kimeng'enya kimoja chenye shughuli nyingi. Rifampisini ya TB hukiharakisha, dawa inaisha kabla haijafanya kazi. Efavirenzi ya ARV nayo hukisukuma. Ritonavi, ya ARV pia, hukizuia, dawa inajaa mwilini kupita kiasi. Kwa hiyo huenda ukaachwa nje ya jaribio la gepanti, na si kwa unyanyapaa. Wanaotumia dolutegravi hawana kikwazo hicho cha ritonavi, ila bado ni lazima useme. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso: ikikutana na ritonavi, mishipa ya damu inaweza kubana hadi vidole kufa. Najua kuna watu wanaoficha ARV wakiwa kasualti kwa sababu pazia ni jembamba na jirani anasikia. Omba kuandika kwenye karatasi. Nimepokea karatasi nyingi za aina hiyo na kuzirudisha kwa mwenyewe.

Na mimi ni mjamzito?

Majaribio mengi ya dawa mpya yatakupima mkojo kwanza na kukuacha nje, maana taarifa za gepanti kwa wajawazito ni chache. Utatibiwa kwa zinazofahamika, na kwanza kabisa utapimwa presha, kwa kuwa kichwa kikali baada ya wiki 20 kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinachobisha hodi.

Nani anawaruhusu? Isije ikawa sisi ni panya wa maabara.

Jaribio la dawa Kenya linapita kwa kamati ya maadili, kama ile ya pamoja ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa Bodi ya Famasi na Sumu, na kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, inayotoa leseni ya utafiti. Fomu ya ridhaa ina namba ya simu ya kamati. Unaweza kuwapigia bila kupitia kwetu.

Ugumu wa kasualti ni kwamba tunaomba ridhaa kwa mtu ambaye hawezi kusoma kwa sababu herufi zinacheza. Ukurasa wa tisa wa fomu kwa mtu anayetapika si ridhaa, ni mateso. Ninavyofanya: nazima taa ya pale kona, naeleza kwa sauti ya chini kwa maneno machache, namwomba anirudishie kwa maneno yake, na aliyemsindikiza asikie. Asiyeweza kunirudishia, simwandikishi.

Nikikataa, nitarudishwa nyuma ya foleni?

Hapana. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kukataa utafiti hakuhusiani na foleni. Hata ukishatia sahihi, unaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu.

Mnalipa?

Nauli na usumbufu, kiasi kilichopitishwa na kamati. Dawa ya utafiti hulipi. Ukiona mtu anakuahidi pesa nyingi ili uingie, uliza maswali zaidi.

Naweza kuagiza gepanti kupitia mtu anayetoka ng'ambo?

Utafanya utakavyo, lakini mimi singefanya. Dawa iliyopita kwenye begi, bila mfamasia kujua unameza nini kingine, ni bahati nasibu. Triptani zipo kwenye maduka makubwa ya dawa mjini kwa cheti cha daktari, na wengi wanaoniuliza gepanti hawajawahi kuzijaribu. Anzia hapo, baada ya kupimwa presha.

Nije na nini?

Vidonge ulivyomeza, au hata karatasi zake, pamoja na saa ulizovimeza. Miwani ya jua kama unayo. Na mtu wa kukurudisha nyumbani. Dawa hizi nyingi huleta usingizi, na kwa lasmiditani sharti limeandikwa wazi: saa 8 bila kuendesha. Vijana wa boda huniuliza kama sharti hilo linahusu gari tu. Pikipiki imo, na tutakuomba ufunguo umwachie uliyekuja naye.